Bibi Afya Alivyomfungia Dokta Pole

Mtaani walimwita Bibi Afya, na jina hilo alilistahili. Akionekana tu mwanzo wa barabara na koti lake jeupe, wauza nyama walikumbuka kufunika nyama, na mama wa mgahawani aliyekuwa akipiga soga alishika ufagio kama aliyezaliwa nao. Hakunywa chai ya bure wala hakusikiliza maneno ya pembeni. Ndoa ilimshinda mapema, kazi haikumshinda hata siku moja, na hilo alipenda kulisema mwenyewe kabla watu hawajamsemea.

Serikali ilipotoa kanuni za tiba mbadala, kazi ya kuwakagua waganga wa mitaani ikamwangukia yeye na mwenzake mmoja wa ofisini, mzee mpole aliyekuwa anakaribia kustaafu. Kanuni zenyewe hazikuwa ngumu. Mtu akitaka kukanda watu au kuuza majani ya kunywa, ajiandikishe, na anachouza kipimwe. Asijiite daktari. Asitumie mashine ambayo haijathibitishwa. Na asithubutu kumwambia mgonjwa aache dawa za hospitali. Anayekiuka anaonywa kwanza, akikaidi, anafungiwa.

Nyumbani aliishi na mama yake, aliyekuwa na kisukari cha siku nyingi. Kila asubuhi, viatu viko mguuni na begi liko begani, Bibi Afya alisimama mlangoni pa chumba cha mama na kuuliza, "Umelala vizuri? Umekula? Umemeza?" Mama alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, na mambo yakaishia hapo. Siku moja mama akamwambia, "Mwanangu, unanikagua kama bucha." Bibi Afya akacheka, akatazama saa, akaenda zake kazini. Alidhani ni utani.

Sasa huyo Dokta Pole. Alipanga chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Udaktari alijipa mwenyewe. Hilo la Pole alipewa na wateja, maana ndilo neno lililotangulia kinywani mwake. Ukiingia, kabla hujakaa, "Pole." Ukimwambia kiuno kinauma, pole. Ukimwambia mwanao hapigi simu, pole sana, na kiti anakisogeza karibu. Wahenga walisema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Huyu bwana angewatoa nyoka na wangepanga foleni. Mezani alikuwa na mashine, kompyuta ndogo yenye kijiti cha chuma kwenye waya. Mgonjwa anashika kijiti, taa zinawaka, karatasi inatoka ikieleza habari za ini, figo, damu, na vingine ambavyo mgonjwa hakujua kama anavyo.

Jirani ndiye aliyempeleka mama huko. Mama akarudi na chupa ya dawa ya majani na uso mpya kabisa.

"Yule kijana ana adabu," alisema jioni ile. "Kanikanda miguu. Kaniuliza habari za marehemu baba yako, jinsi tulivyokutana, na kanisikiliza mpaka nikamaliza."

"Mbona mimi hujawahi kunisimulia?"

"Hujawahi kukaa."

Wivu uliingia hapo, na ulipoingia haukubisha hodi. Mama alianza kujipaka mafuta na kuchagua mtandio siku za kwenda kwa Dokta Pole. Alicheka kwenye simu, kicheko ambacho Bibi Afya hakuwa amekisikia tangu msiba wa baba. Halafu akamsikia akisema, "Haya mwanangu, kesho basi," kumbe anayeongea naye ni yule muuza majani. Mwanangu! Mtu mzima mwenye mvi zake, mtumishi wa serikali, anamwonea gere mkandaji! Alijiambia ni wasiwasi wa kikazi tu. Uongo mtupu. Wasiwasi wa kikazi haumpeleki mtu dukani kununua mafuta ya kukandia na kuyaficha kwenye begi. Usiku ule alijikaza, akagonga mlango wa mama, akauliza, "Nikukande miguu?"

"Aa, usijisumbue," mama akajibu. "Nimeshakandwa leo."

Mafuta yakarudi kwenye begi, na moyoni kukawaka moto.

Ofisini mwenzake alikuwa ameshapata habari za ile mashine. "Dada, huyu niachie mimi," alimwambia. "Mama yako ni mteja wake. Nitakwenda nimwonye kwanza, kama kanuni inavyosema."

"Mama hahusiki hapa."

Yule mzee alimtazama, akarudi kwenye mafaili yake. Bibi Afya akaondoka na kufuli jipya kwenye begi, ingawa anayekwenda kuonya habebi kufuli. Na siku aliyochagua ilikuwa ile ile ambayo mama alitoka asubuhi na mtandio wake mzuri.

Benchi lilikuwa limejaa. Mama alikaa katikati, kiatu kimoja amekivua. Bibi Afya hakumsalimia. Alikwenda moja kwa moja mezani, akaomba kuona mashine inavyofanya kazi, akaokota tambara la kudekia lililolowa na kulizungushia kile kijiti. Taa zikawaka. Karatasi ikatoka. Akaisoma kwa sauti, ili hata aliyekaa nje asikie.

"Ini limechoka. Nyongo ina mawe. Mfuko wa uzazi una joto." Akamgeukia mwenye chumba. "Hongera, Dokta. Tambara lako likipoa kidogo litapata ujauzito."

Wawili watatu wakacheka. Dokta Pole aliichukua ile karatasi, akaisoma mwenyewe, akaisoma tena, na uso ukamshuka. Mtu yeyote angeona kwamba ndiyo kwanza anajua. Bibi Afya aliona, na akafurahi, si kwa ajili ya afya ya jamii. Akamtazama mama yake ili avune alichopanda.

"Mashine mbovu," mama akasema taratibu. "Mtu si mbovu."

"Mama, huyu anawadanganya!"

"Na wewe umekuja kutuokoa, au umekuja kututia aibu?" Mama akainama kuvaa kiatu. Dokta Pole akawahi kumshika mkono. "Polepole, mama. Kidonda hicho."

Kidonda? Kidonda gani? Bibi Afya anaishi na mama yake nyumba moja, wanakunywa chai meza moja, na hajui habari ya kidonda chochote. Mwana wa kuzaliwa hajui, mwana wa kuokota anajua. Mtu mwenye akili zake angeuliza pale pale, tena yeye aliyesomea afya na anajua kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari ni jambo gani. Wivu haukumpa nafasi. Akawatoa watu wote nje, akapiga kufuli, akabandika tangazo la serikali mlangoni, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Nyumbani mama hakugomba. Alijifungia chumbani, akawa anajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo kupitia mlangoni. Siku alipopandwa na homa ndipo Bibi Afya alipoingia, akafunua shuka, akakiona kidole kidogo cha mguu kimekuwa cheusi.

Hospitali ilikuwa na maneno machache. Sukari iko juu mno. Kidole hakiokoki, kitakatwa. Sukari isiposhuka, mguu mzima utafuata, na baada ya mguu hakuna aliyetaka kusema. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba mama alikuwa ameacha vidonge tangu alipoanza ile chupa ya majani.

"Umenificha, mama!" Bibi Afya alilia. "Mficha maradhi, kilio humuumbua!"

"Sikuficha. Nilimwonyesha aliyekaa."

Walimkata kidole, wakamrudisha nyumbani na vidonge. Mama hakuvigusa. Bibi Afya alibembeleza, akafoka, akataja sheria, akataja kaburi la baba. Mama aligeukia ukutani. "Mwenye kunitibu umemfungia. Basi niache nipumzike."

Na hilo ndilo ambalo kufuli halikuweza kulifanya. Lilifunga mlango, lakini halikumrudisha mtu hata mmoja kwenye dawa zake. Wale wa kwenye benchi walikwenda majumbani na imani yao ile ile, na juu yake wakaongeza chuki kwa serikali.

Bibi Afya alimfuata Dokta Pole kwake, akamkuta uani, anafua.

"Pole kwa mama, dada. Nimesikia."

"Usinipe pole!" Sauti ilimtoka kali mpaka jirani akachungulia. Akaishusha. "Ulimwambia aache vidonge?"

"Nilimwambia. Mashine ilionyesha sukari imeshuka. Niliamini."

"Sukari imekula kidole. Sasa inataka mguu."

Dokta Pole akaketi juu ya ndoo, mikono inachuruzika mapovu. Bibi Afya alikuwa na sheria ya kumpeleka mahakamani, na hamu ya kufanya hivyo alikuwa nayo tele. Lakini mama alikuwa amelala amegeukia ukuta.

"Nakuomba," alisema, na hakuna neno lililowahi kumtoka kwa shida namna ile. "Kamwambie ameze. Mimi hanisikii."

Walikwenda pamoja, hawasemezani njia nzima. Dokta Pole alipoingia chumbani, mama aligeuka. Kwa siku zote zile hakuwa amegeuka! Bibi Afya alibaki mlangoni, mahali pake pa kila siku, akaona yule bwana akivuta kiti na kukaa.

"Mama, nimekukosea. Nilikwambia uache vidonge na sikujua ninalolisema. Ile mashine ni ya uongo. Mwanao alisema kweli. Tafadhali umeze."

Mama akajiinua kwa kiwiko. "Umekosea wewe?"

"Nimekosea, mama."

"Haya, nileteeni maji."

Bibi Afya alikimbilia maji mbio kama mtoto aliyetumwa. Mama akameza vidonge vyote mbele yao, akajifuta mdomo, akamwambia binti yake, "Unaona? Mtu akikosea husema, na dunia haianguki." Bibi Afya akaipokea bilauri tupu.

Yule mzee wa ofisini alilichukua faili, akalimaliza kwa kanuni. Mashine ilizuiliwa. Udaktari ukafutwa kwenye kibao cha mlangoni pake. Kisha akamwamuru yule bwana apite kwa kila mgonjwa aliyekaa kwenye benchi lile, awaambie kwa kinywa chake warudi kwenye dawa zao za hospitali, na Bibi Afya afuatane naye kuhakikisha. Alifuatana naye. Kila nyumba walimwekea Dokta Pole kiti. Bibi Afya walimwonyesha ukuta wa kuegemea. Hatimaye Dokta Pole akaandikishwa kuwa mkandaji tu, akaruhusiwa kufungua, na mama akawa mteja wake wa kwanza.

Sukari ilishuka. Mguu ukapona, umepungua kidole tu. Siku hizi Bibi Afya huomba ruhusa kazini, hupanga foleni hospitalini tangu alfajiri, hurudi na vidonge na kukaa ukingoni mwa kitanda cha mama. Anakaa kweli, begi ameliacha sebuleni.

Asubuhi ya kwanza baada ya kidonda kufunga, mama alinyoosha mkono na kusema, "Haya, nipe dawa za Dokta wangu."

Bibi Afya akafumbua mdomo. Za Dokta wako? Hizi za hospitali, mama! Nimezipangia foleni mimi! Yeye alitaka kukuua! Yote hayo yalifika kwenye ulimi, na wivu ukamchoma palepale pa zamani, haujapoa hata kidogo. Mkono wa mama ulikuwa bado umenyooshwa.

"Hizi hapa, mama," akasema. "Dawa za Dokta wako."

Mama akameza.