Nusu ya Shamba Niliyoisafisha

Hii habari inanionyesha bwege, na kweli nilikuwa bwege, kwa hiyo tusipoteze muda kubishana.

Mama yangu analima mahindi Kisesa. Mwaka ule alikataa kutifua shamba. Kwenye kikundi chao cha akina mama walifundishwa kwamba mabua yaachwe yafunike udongo, halafu unachimba vishimo tu, unapanda. Sasa kwetu shamba safi ndiyo heshima ya mtu. Majirani wakawa wanapita wanauliza kama nyumba hii imekosa jembe au imekosa kijana. Kijana mwenyewe ndiyo mimi, nakaa mjini, Pasiansi, nilikuwa nimekuja kusaidia kupanda.

Mama akaenda Nansio kumuuguza dada yake, wiki nzima. Nikasema ngoja nimfurahishe. Nikakusanya mabua, nikachoma, nikapiga matuta yamenyooka kama rula. Nilipofika nusu ya shamba mgongo ukagoma. Mungu aubariki ule mgongo.

Mama aliporudi hakugomba. Alivua kandambili, akakanyaga tuta langu kwa unyayo mtupu. Akasema tupande, mvua haitusubiri.

Mahindi yakaota, kijani pande zote mbili. Nikaanza kuchonga mdomo, namwambia mama amshukuru fundi. Halafu mvua ikakata. Jua likapiga mpaka mahindi yangu yakajikunja kama sigara, ya mama yamesimama tu. Akaniambia niingize kidole chini ya mabua yake. Kikatoka na udongo mbichi. Kwenye tuta langu hakikuingia hata ukucha. Hapo utani ukaniisha, maana lile shamba ndiyo ugali wetu wa mwaka mzima, hatuna lingine.

Nikaanza kusomba nyasi kavu kichwani, nafunika matuta yangu. Majirani wakauliza kama yule msafi ndiye huyu anayerudisha takataka. Nikaongeza mwendo, nyasi zikinifunika uso. Nyasi zenyewe zilikuwa zimechelewa. Upande wangu tukavuna vimahindi vyenye punje mojamoja, kama meno ya babu.

Siku chache baada ya kuvuna, mama alinipakulia ugali, nikaona kabonge kadogo. Nikamuuliza mbona nusu.

"Nusu nyingine uliichoma, baba," akasema, huku ananisogezea mboga. "Kula, usiache ikapoa."