Mkono wa Kaka Yangu

Katika ukumbi wa kufumia nguo, hapa Eldoret, mitambo ilinguruma kiasi kwamba ungeweza kumtukana msimamizi usoni naye akakutabasamia. Kwa hivyo tulizungumza kwa mikono. Vidole vilivyokusanywa na kupelekwa mdomoni: umekula? Kidole begani: mkubwa anakuja. Kiganja juu, kisha ngumi: zima mashine. Hiyo ya mwisho haikutumiwa ovyo, maana ilikuwa ya mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi, na mwakilishi huyo alikuwa kaka yangu.

Siku mtambo ulipomkata mama mmoja vidole, msimamizi alitaka tuendelee tu, damu ikiwa bado sakafuni. Kaka akapanda juu ya kreti, akainua kiganja, akakifumba. Mitambo ikanyamaza safu baada ya safu. Huyu ndiye aliyekuwa akininyang'anya viazi motoni tukiwa wadogo, lakini siku ile nilitaka kila mtu ajue tumetoka tumbo moja.

Alipowania uwakilishi wa wadi, tulimpigia kampeni kwa miguu, Kapsoya nzima.

"Nikifika huko juu," alituambia getini, "hakuna mtu wa hapa atafanywa kibarua tena. Hiyo mniachie mimi."

Tukambeba mabegani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi tulimsifu mpaka sauti zikakauka.

Hakuwa amekaa sana kitini wakati tajiri wa kiwanda alipoanza kusema kwamba ajira za kudumu zitaondolewa, turudi kama vibarua wa siku. Nilimpigia kaka simu.

"Dada, hiyo maneno ni ngumu kidogo. Niko kwa meeting. Nitakupigia."

Hakupiga. Niliwaambia wenzangu yuko mbioni kutupigania, nami niliamini hivyo.

Kisha ikaja siku ya kuzindua mitambo mipya. Tulipangwa uani, juani. Kaka alikuwa jukwaani kando ya tajiri, na suti ilimkaa vizuri, lazima niseme. Tajiri alipotangaza kwamba kazi ya kibarua inaanza Jumatatu, niliinua kiganja, nikakifumba. Wenzangu nao wakainua, ua mzima ngumi tupu, bila sauti.

Aliniona. Mkono wake wa kulia uliinuka kutoka gotini, wenyewe, kwa mazoea. Akaushika kwa ule wa kushoto, akaurudisha chini. Watu wa jukwaani walipopiga makofi, naye akapiga.

Nililia pale pale, mbele ya watu, na sikujifuta. Mume akikuacha unarudi kwa kaka yako. Kaka naye akikuacha, unaenda wapi? Jumatatu niliingia kiwandani kama kibarua.

Krismasi tulikutana nyumbani kwa mama, Chepsaita. Chumba kilijaa watoto, redio na majirani waliokuja kumsalimu Mheshimiwa. Mama alikuwa akimimina mursik, maziwa yetu ya kugandisha, huku akicheka, na kwa ajili yake nilikuwa nimeapa kunyamaza. Kelele zilikuwa nyingi. Kaka akanitafuta kwa macho kutoka upande wa pili, akakusanya vidole, akavipeleka mdomoni, akangoja.

Nilikuwa sijatia kitu kinywani tangu asubuhi. Nilimtazama, kisha nikaiingiza mikono yangu yote miwili ndani ya leso niliyojifunga.