Salamu ya Mashavu Mawili

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya upili ya wasichana Kitale, nilimkuta mwalimu mkuu jikoni akikagua maharagwe. Alisoma barua yangu ya ajira, akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni.

"Kifaransa? Sasa mwalimu, hapa Kitale utaongea na nani?"

"Na wasichana wako, madam."

"Haya. Lakini vifaa utajitafutia."

Nikajitafutia. Nilikuwa na redio ya kaseti na ramani ya Paris niliyoichora mwenyewe kwenye karatasi ya manila. Asubuhi tulifanya imla, yaani nasoma polepole nao wanaandika wanachosikia. Ijumaa tulifanya salamu za Wafaransa: wasichana wawili wawili, shavu kwa shavu, kulia kisha kushoto. Walicheka mpaka darasa jirani likalalamika. Mimi mwenyewe sikuwa nimesalimiwa hivyo na Mfaransa hata mmoja. Nilijiambia nikistaafu nitaenda.

Nilihamishwa Misikhu, kisha Bungoma. Mwalimu mkuu wa Bungoma, mzee mpole, alizoea kunitania: "Mwalimu, Paris unafika lini?" Nami nilikuwa nikimjibu kwamba polepole ndio mwendo. Kumbe polepole nayo inachosha. Magoti yaliishia ubaoni, sauti ikaishia kwenye imla, na binti yangu Nafula ndiye aliyetangulia. Aliolewa na Mfaransa huko Lyon.

Nilipostaafu alinipigia simu. "Mama, kuja ukae na sisi miezi mitatu." Nikachukua pasipoti. Lakini kwetu Wabukusu mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe, wala hampi mkono. Dada yangu mkubwa hakunizungusha.

"Kufundisha Kifaransa umefundisha, lakini si wewe bado ni Mbukusu? Ati ulale kwa mkwe? Hapana, bana."

Ningeweza kumpuuza. Nilikaa na ile pasipoti siku nyingi nikitafuta ujasiri, nikakuta nimechoka tu. Vijana mtanicheka, najua. Nililia, kisha nikaifungia kabatini.

Mwezi jana wakaja wao. Mkwe wangu alianza kunijia kwa mazoea ya kwao, shavu mbele, akakumbuka alivyofunzwa na Nafula, akarudi kusimama karibu na geti, mikono nyuma. Tulisalimiana kwa Kifaransa tukiwa mbali, mimi nikitazama chini. Nilimhurumia, nikajihurumia na mimi. Kazi ya maisha yangu yote ilikuwa imesimama pale getini, na nisingeweza kuikaribia.

Mjukuu wangu ana miaka minne na mambo ya wakwe hayamhusu. Alinikimbilia, akasimama kwa ncha za vidole, akangoja. Magoti yalikataa, nikayalazimisha. Shavu la kulia, kisha la kushoto.

Nikamuuliza kwa Kifaransa kama nimefanya sawa. Alifikiri kidogo, kama mwalimu aliyeshika kalamu nyekundu, akaniambia nirudie.