Mkono Uliopakwa Rangi

Wifi yangu ni fundi wa miguu ya gari, na kila chuma kinachoingia gereji kwake hukigonga kwanza kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia. Chenye ufa hukoroma. Wateja humwita Daktari. Wapo wanaomwona msumbufu, maana akishasema hapana, hata ulie machozi ya damu, harudi nyuma.

Ijumaa mume wangu, ambaye ni mdogo wake, alimpelekea, nami nikafuatana naye, mikono miwili ya chini, ile inayoshika magurudumu ya mbele. Ni ya kufunga kwenye gari letu kuukuu, alilolinunua ili ashindane nalo uwanjani. Aliing'oa kwenye gari jingine bovu linalomzidi umri, akaipaka rangi nyeusi ikang'aa kama viatu vya bwana harusi. Alichotaka ni kufungiwa bushi mpya za mpira tu.

Wifi akaugonga wa kushoto. Akaugonga tena. Kisha akachukua brashi ya waya akaikwangua rangi, na chini yake tukaona mshono wa kuchomelea uliokaa hovyo, na ufa unaotambaa pembeni yake.

"Nani kachomelea huu?"

"Dada, huo umetembea barabarani miaka yote, haujawahi kusumbua."

"Barabarani unaenda sokoni. Kule unakata kona kwa kasi, gari zima linalalia gurudumu moja. Huu ukikatika, usukani unabaki pambo. Nakuuliza tena, nani kachomelea?"

"Mimi."

Asubuhi ile ile alikuwa amempimisha binti yetu kofia ngumu, akamwahidi kwamba kesho atampakia kiti cha pembeni wazunguke uwanja mara moja. Mtoto hakumaliza hata chai kwa furaha. Na baba mtu alijua. Aliuona ufa, akauchomelea, akaupaka rangi, akaja nyumbani akala akalala. Nilitamani kumzaba kibao mbele ya wateja.

Wifi hakubishana. Aliubana ule mkono kwenye jiliwa, akawasha grenda, akaukata vipande viwili, mdogo wake asije akauokota akaufunga tena. Mume wangu akafoka kwamba tumemharibia mashindano, kwamba wanawake wawili tumemfanya kichekesho. Nikamwambia aende akamweleze binti yake hayo hayo.

Akakaa juu ya tairi, macho chini, nikadhani amenuna.

"Na wa kulia," akasema. "Nao nimeuchomelea."