Kona ya Treni na Kitanda cha Mama Mkwe

Mama mkwe alinikuta chumbani kwake nimepiga magoti, nusu ya mwili uvunguni mwa kitanda chake, chaki mkononi. Nikamwamkia hukohuko chini: "Shikamoo, mama."

Nijitetee. Katika kuzurura kwangu duniani nilinunua treni ya kuchezea yenye mabehewa kumi, na kwa domo langu nimewaalika watoto wote wa madrasa hapa Kilindoni waje siku ya Idi kuiona ikikimbia. Kisiwani kwetu treni haipo. Idi ni kesho, na kila ikifika konani mabehewa ya nyuma yanaanguka. Nikaona dawa ni kona pana, nikachora kwa kamba na chaki sebuleni, mstari ukavuka mlango na kuingia kwa mama.

"Mkwe, umepoteza nini uvunguni kwangu?"

"Natafuta kona pana, mama, treni ikipita kasi isiangushe mabehewa. Tukisogeza kitanda kidogo tu..."

Akaufuata mstari kwa macho mpaka sebuleni, akarudi nao mpaka kitandani, akakaza kanga kiunoni.

"Hiyo treni inazunguka humuhumu ndani?"

"Ndiyo, mama."

"Haipeleki mtu?"

"Hapana."

Nimepanda treni za nchi nyingi, na hakuna mkaguzi wa tiketi aliyewahi kunitoa jasho namna ile.

"Sasa inawahi wapi? Ipunguze mwendo, na utoke chumbani kwangu."