Nilivaa Shanga za Riwaya, Ukweni Wananiita Mganga

Admin, jina langu lifiche, ila hasira yangu iache kama ilivyo, maana nimechoka kumung'unya maneno.

Mimi ni binti wa miaka 31, naishi Nyasubi hapa Kahama, nina kiduka cha steshenari. Nimeshavishwa pete, mahari imeshapokelewa nyumbani, na ndoa ya kanisani ilikuwa ifungwe baada ya mavuno ya mpunga. Mchumba wangu anafanya kazi mgodini upande wa Geita, akimaliza shifti anakuja huku, tunaelewana. Au niseme tulikuwa tunaelewana.

Mimi sinywi, disko sizijui, starehe yangu ni vitabu. Tuko wanawake saba, tuna kikundi chetu cha kusoma riwaya za mapenzi ya zamani, zile za enzi za watemi, binti wa mtemi anampenda mpagazi wa msafara, baba anataka ng'ombe, mnasoma mnalia mpaka kamasi. Kila mwezi mmoja wetu anawakaribisha wenzake kwake. Zamu yangu ilipofika nikasema safari hii tunogeshe, kila mtu aje amevaa kama mtu wa kwenye kitabu. Tukatandika mikeka, nikapika michembe, yale makavu ya viazi vitamu, kwa karanga, maziwa ya mgando nikayatia kwenye vibuyu. Mimi nilikuwa mke mkubwa wa mtemi: kaniki nyeusi, shanga nyeupe kutoka shingoni mpaka kifuani, nimekaa kwenye kigoda na usinga mkononi, nawasomea wenzangu kwa sauti ya kujidai. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna sherehe gani.

Sasa sikilizeni. Zile shanga alizinunua mchumba wangu sokoni. Usinga aliuazima yeye kwa mzee mmoja wa ngoma. Kunifunga shanga ni yeye, na picha kapiga yeye, huku akiniambia, "Mke wa mtemi, geuka huku." Nikaiweka status, sina hili wala lile.

Wiki haijaisha naitwa ukweni, Ibadakuli. Nikajua ni mambo ya harusi, nikabeba na mchele wa zawadi. Naingia, namkuta na mchumba wangu kaketi nao, nawaamkia, "Shikamooni," naitikiwa marahaba ya puani. Shangazi yake akanisogezea simu usoni. Picha yangu.

"Mayu, hii kazi umeianza lini?"

"Kazi gani, shangazi?"

"Usitufanye watoto. Kaniki, shanga nyeupe, usinga, vibuyu. Huyu si mfumu? Na hawa waliokaa chini mbele yako si wateja wako?"

Kwa msiojua, huku usukumani mayu ni mama, na mfumu ni mganga wa ramli, na kweli wengine huvaa hivyo. Nikataka kucheka, nikajizuia. Nikaeleza habari za kitabu, nikaeleza habari za kikundi, jasho linanitoka. Baba mkwe, ambaye ni mzee wa kanisa, akasema, "Kitabu hakimvishi mtu shanga, binti." Nikamgeukia mchumba wangu: "Waambie basi, si ulikuwepo?" Jamani! Yule mwanaume aliangalia soksi zake akasema, "Mimi nilipita tu kuacha soda."

Kuacha soda!

Hukumu ikatoka hapohapo. Jumapili ijayo nipite mbele ya kanisa, nikiri kwamba nilikuwa naagua, niombewe, na boksi langu la riwaya lichomwe uwanjani watu wakiona. Nisipofanya hivyo, ndoa hakuna.

Tulipotoka nje nilimshukia kama mwewe. Nikamuuliza kwa nini amenikana. Akajibu bila hata aibu: "Ningesema nimekuvalisha mimi, na mimi wangenipitisha mbele. Kubali tu yaishe, ni maneno ya dakika tano. Mbona unakuza mambo?"

Nakuza mambo! Yeye kazaliwa hukuhuku, anajua fika. Mwanamke akishakiri mbele ya watu kwamba alikuwa mganga, ng'ombe wa jirani akifa anaulizwa yeye. Mtoto wa jirani akiumwa, jina la huyo mwanamke linabadilika, haitwi tena mganga, anaitwa mchawi. Bibi yangu mzaa mama alihama kijiji na nguo alizovaa tu kwa maneno ya namna hiyo, na yeye hakukiri chochote, macho yake tu yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Mchumba wangu nilimsimulia hayo mwenyewe. Alinishika mkono, akalia.

Sasa hivi wenzangu wawili wamejitoa kwenye kikundi na picha zao wamezifuta. Juzi mteja kaingia dukani kutoa kopi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama naweza "kumwangalizia" mume wake anakolala. Nilimfukuza, kisha nikakaa chini nikalia kama mtoto. Mama yangu naye anazidi kunipandisha presha: "Mwanangu, kwa umri huo jishushe uolewe. Mahari ya watu tutairudishaje?" Na mchumba kutwa ananitumia meseji, "Umeamua?"

Nampenda, sitawadanganya, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ila nikijiuliza naona giza. Huyu mtu ameshindwa kusema sentensi moja ya kweli mbele ya shangazi yake, sebuleni, mchana kweupe. Nikishakuwa mke wake, halafu siku moja watu waje na mapanga mlangoni wakiulizia mchawi, atasimama mbele yangu au atawaonyesha chumba nilichomo? Nishaurini ndugu zangu, Jumapili niende nikakiri, au nimrudishie pete yake?