Chumba cha Jumamosi

Mjomba wangu ni fundi wa makochi. Ukimkuta kazini ana misumari midogo mdomoni, kwa hiyo salamu yako haijibu, anakunyanyulia nyundo tu. Wateja wapya wanadhani ni mkali. Si mkali, ana misumari.

Jina lake hakuna anayelitumia. Wote wanamwita Besi, hata mama yangu ambaye ni dada yake wa tumbo moja. Ni kwa ajili ya gitaa la besi alilokuwa akipiga kwenye bendi tangu mimi sijazaliwa. Walikuwepo mpiga solo, mpiga ngoma, mzee wa tarumbeta, na mbele kabisa mwimbaji waliyemwita Mtamu. Huyo Mtamu alimwekea mjomba sheria moja: piga, lakini mdomo usifungue.

"Sauti yako kama mlango wa stoo," alimwambia. "Ukiimba wewe watu watadhani kuna mtu anahama."

Mjomba alicheka, akafunga mdomo, na akaufunga moja kwa moja.

Anaishi kwetu. Chumba chake na changu vimegawanywa na ukuta wa mbao, na mimi nimekua nasikia besi kupitia hizo mbao. Dum, dum-dum, halafu kimya, halafu dum. Bendi haikuwahi kurekodi, na mimi wakati wa maonyesho yao nilikuwa bado mtu wa kubebwa mgongoni. Kwa hiyo nilijua huo ndio wimbo wenyewe. Kwamba una maneno, wala halikuwahi kunijia kichwani.

Bendi haikufa kwa ugomvi, iliisha kama sabuni. Mpiga ngoma alichukuliwa na binti yake akakae naye mbali. Wa solo alipata kazi ya ulinzi, zamu zikammaliza. Mzee wa tarumbeta aling'oka meno ya mbele, na tarumbeta bila meno ya mbele unapuliza upepo tu. Mwisho Mtamu akaugua, tukamzika. Pale msibani watu walimwangalia mjomba aseme neno, maana ndiye aliyebaki. Yeye aliinuka akaanza kukusanya viti.

Kilichobaki ni chumba. Baraza la sanaa la mkoa lina jengo lake la ghorofa moja, ofisi juu, vyumba vya mazoezi chini. Pale utakuta waigizaji, kwaya, wacheza ngoma, akina mama wanaofinyanga vyungu nyuma ya jengo. Kila kikundi kina siku yake ya chumba bure, kinaazimwa spika, na kikialikwa kwenye onyesho baraza linatoa gari. Sharti ni moja. Kila mwaka afisa anashuka chini, anakaa, anawasikiliza. Wenyewe wanaita kusikilizwa. Kikundi kisichosikilizwa kinanyang'anywa siku, wanapewa wengine.

Siku ya bendi ya mjomba ilikuwa Jumamosi mchana. Bendi ikaisha, Jumamosi ikabaki.

Mimi ni wa bodaboda, nilikuwa nampeleka kwa pikipiki, gitaa limelala katikati yetu kama mtoto mgonjwa. Akifika anafungua madirisha, anafagia, anapanga viti. Cha Mtamu mbele, ingawa Mtamu hakuwahi kukikalia. Ngoma nyuma. Tarumbeta kushoto, karibu na dirisha, kwa sababu yule mzee alipenda kutema mate nje. Halafu yeye anakwenda kwenye kona yake ileile, huko nyuma ambako hata mwanga haufiki vizuri. Nafasi yote ile mbele ni tupu, yeye yuko konani.

Anapiga kila wimbo kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Na pale ambapo besi inatakiwa kunyamaza, ananyamaza kweli. Mguu unagonga sakafu, shingo imegeukia dirishani, anasubiri mpaka zamu yake irudi. Kuna mahali anasubiri muda mrefu mpaka unataka kumgusa bega umuulize kama yuko salama.

Afisa wa zamani alikuwa mshabiki wao. Siku ya kusikilizwa alikuwa anaingiza kichwa tu mlangoni: "Mpo?" Mjomba anajibu, "Tupo." Imeisha hiyo, mwaka umepita. Lakini yule afisa alistaafu.

Akaja dada mmoja, kijana, miwani mikubwa, mpole. Aliteremka na kiti chake mwenyewe.

"Shikamoo mzee. Wenzako wako wapi?"

"Marahaba. Wamechelewa kidogo."

"Basi tuwasubiri."

Mjomba aliangalia vile viti. "Tuanze tu, dada. Wale ukiwasubiri utalala hapa."

Nilikuwa nimekaa dirishani na helmeti yangu. Mjomba akaunga waya, akaanza. Alipiga vizuri, kwa kweli alipiga vizuri kuliko siku zote. Yule dada alikuwa anatingisha kichwa, anamwangalia, anaangalia mlango, anamwangalia tena. Ikafika mahali mjomba akanyamaza, mguu ukawa unagonga peke yake.

Dada akainama mbele taratibu. "Samahani mzee. Wimbo wenyewe unaanza saa ngapi?"

"Tuko ubeti wa pili," mjomba alisema, akaendelea kugonga mguu.

Mimi nilicheka. Halafu nikaona yule dada hacheki, kicheko kikanikwama.

Alimwacha amalize. Akavuta kiti karibu naye, kule konani.

"Mzee, umebaki peke yako?"

"Nimebaki na chumba."

"Hapo nje kuna waigizaji wanafanyia mazoezi mvuani, unawaona. Wanaomba siku tangu zamani. Mimi siwezi kuwaambia Jumamosi ina bendi."

Mjomba hakubisha. Alikuwa anazungusha waya mkononi, anaufungua, anaukunja.

"Lakini hatukutupi," dada akasema. "Tuna nafasi za msanii mmoja mmoja. Nakuandikisha leo leo, unapata siku nyingine, chumba kidogo kule mwisho."

"Mimi si msanii, dada yangu. Mimi ni besi."

"Besi si msanii?"

"Nikipiga peke yangu umesikia mwenyewe. Umeuliza wimbo unaanza saa ngapi."

Dada alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Nadhani aliona aibu, na hakuwa amekosa chochote.

Alijaribu tena. Kulikuwa na kikundi cha vijana chenye kinanda, wanatafuta mtu wa besi. Mjomba alikwenda kwao, nilimpeleka mwenyewe, na amevaa shati la kwenda kanisani. Walimpenda. Walimwita babu, wakampa kiti kizuri, wakamletea soda. Alipiga nao mchana mzima. Tuliporudi nyumbani mama akamtilia chai.

"Vipi hao watoto, Besi?"

"Wazuri. Wana adabu." Akapuliza chai. "Ila hawanyamazi. Kila nafasi ikitokea wanaijaza. Mtu ukitaka kusubiri, hakuna pa kusubiria."

"Sasa muziki si ndio kupiga? Wewe unataka kwenda kukaa kimya? Si ukae hapa hapa, kimya kipo tele."

"Kimya cha hapa hakina mtu," mjomba alisema. Mama akamwongezea sukari, na sukari yenyewe haitakiwi kwake.

Hakurudi tena kwa wale vijana. Alikwenda ofisini kwa yule dada kumwambia chumba wachukue tu. Dada akamwomba Jumamosi moja ya mwisho. Baraza lina fundi wa kurekodi anayehifadhi nyimbo za vikundi vya zamani, zisipotee. Angalau besi ibaki.

"Besi tupu ibaki ya nini?" mjomba aliuliza.

"Sijui," dada akasema. "Ila ikibaki, ipo."

Siku hiyo alipanga viti kama kawaida. Fundi wa kurekodi, jamaa mmoja mnene mwenye utani, alivihesabu kwa macho akauliza wageni wanakuja lini. Nikamtikisia kichwa, akaelewa, utani akauacha. Mjomba alipiga nyimbo zote. Mwishoni fundi alivua vile vya masikioni.

"Mzee, huu wa kwanza kuna sehemu kimya kirefu sana. Nikate pale, uwe mzuri wa kusikiliza?"

"Usikate," mjomba alisema. "Pale kuna mtu."

Fundi akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia nje. Hakukata.

Tulipomaliza, mjomba aliweka kiti juu ya kiti, akavipeleka ukutani, akafunga madirisha. Dada alimwambia aviache, waigizaji watavitumia. Akasema najua, akaendelea kuvipanga ukutani. Ufunguo alimpa mkononi, hakuuweka mezani. Kwenye pikipiki sikuhisi kama nimebeba mtu mzima na gitaa. Alikuwa mwepesi.

Jumamosi iliyofuata alishinda nyumbani. Mama alikuwa uani anafua.

"Besi, leo huendi?"

"Niende wapi?"

Mama akaminya nguo nyingine. Baadaye mjomba alinigongea ukuta, akaomba simu yangu, kwa sababu zile nyimbo fundi alinirushia mimi. Nikamwekea, nikarudi kujilaza kwangu. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha, kazi hakuna.

Besi ikaanza. Dum, dum-dum. Kwa nilivyozoea nikajua ameshika gitaa. Halafu nikakumbuka gitaa liko kwenye mfuko, nimeliona limesimama nyuma ya mlango. Mikono yake ilikuwa haina kazi.

Ndipo nikasikia sauti. Mwanzo nikadhani kweli kuna mtu anaburuta kabati. Ilikuwa mbaya, na ilikuwa chini sana, kama mtu anayeogopa kusikiwa na mwenye nyumba.

Nimefika kwenu, taa naiona,
nabisha hodi, naogopa kuingia.

Nilikaa kitandani. Kwanza nilitaka kucheka, Mtamu hakumsingizia. Lakini besi niliyoijua tangu utoto ilikuwa inapita chini ya maneno hayo, na kila mahali niliponyamaziwa maisha yangu yote, sasa palikuwa na mtu amesimama nje ya mlango na taa anaiona. Mjomba aliimba ubeti wote. Hakukosea neno hata moja. Maneno yote alikuwa nayo, muda wote ule, nyuma ya misumari.

Halafu besi ikanyamaza, na yeye akanyamaza. Nikasubiri. Nikaona ni kirefu mno, nikafikiri labda amesahau. Nikasogeza mdomo kwenye mbao.

"Mjomba. Hapo wanasema nini?"

Nikasikia mguu wake unagonga sakafu.

"Hapo hawasemi kitu," akasema. "Hapo tunamsubiri tarumbeta."

Basi, tukamsubiri.